"Borrow" na "lend": nani anatoa, nani anapokea? Uzi wa wanaojifunza Kiingereza Uganda

Mwalimu wa Jioni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Kiingereza cha watu wazima huku Nsambya, jioni watu wakishafunga biashara. Wengi wametoka Kongo na Burundi, wapo na Waganda wa mipakani, na Kiswahili ndicho kinachotuunganisha. Neno linalowasumbua kuliko yote, ukilitazama, wala si gumu: "borrow". Kila wiki nasikia "Teacher, borrow me your pen", na kila wiki kalamu inatolewa, maana Kampala nzima inaelewa. Shida inaanza siku neno hilo linapoandikwa kwenye karatasi inayohusu pesa.

Kuna mama mmoja, muuza vitenge, alimkopesha mwenzake shilingi 300,000. Mwenzake akachelewa kulipa, zikaanza zile za "njoo kesho". Mama akaandika maelezo yake mwenyewe kwa Kiingereza ayapeleke kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji: "I borrowed to my friend 300,000 shillings and up to now nothing." Mwenyekiti akasoma, akarudia kusoma, akamuuliza: "Nnyabo, sasa hapa umekuja kushtaki au kukiri?" Kwa Kiingereza anayesema "I borrowed" ndiye mwenye deni. Ikabidi aeleze upya kwa mdomo. Kwa bahati, kijiji kizima kilijua nani alitoa pesa. Lakini karatasi ile ingefika mbele ya mtu asiyewajua, ingekuwa hadithi nyingine.

Basi tulichambue. "Borrow" ni kuchukua kitu cha mtu kwa ruhusa yake, mkiwa mmekubaliana kwamba utarudisha. Mtendaji wa sentensi ni yule anayepokea. "Lend" ni kutoa kitu chako mkiwa na makubaliano hayohayo, na mtendaji ni anayetoa. Tukio ni moja, ila Kiingereza kimempa kila mhusika kitenzi chake.

"I borrowed 50,000 from my sister."
"My sister lent me 50,000."

Sentensi zote mbili zinasimulia jambo lilelile: dada ametoa elfu hamsini, mimi nimepokea. Sasa tazama maneno madogo. "Borrow" hutembea na "from", kitu kinatoka kwa fulani. "Lend" hutembea na "to", kitu kinakwenda kwa fulani: "She lent 50,000 to me." Halafu "lend" ina ruhusa ambayo "borrow" haina: unaweza kumweka mtu mara tu baada yake. "Lend me", "lend him", "lend the school some chairs". "Borrow" haifuatwi na mtu anayepewa. Kwa Kiingereza cha vitabuni, "borrow me" inasikika kama unaomba uchukuliwe wewe mwenyewe, utumiwe, kesho urudishwe.

Kwa wanaotaka njia ya mkato, naitumia darasani na inafanya kazi. Ombi lako likianza na "Can I", malizia na "borrow". Likianza na "Can you", malizia na "lend me". "Can I borrow your charger?" "Can you lend me your charger?" Ombi ni moja, adabu ni ileile. Ukiamua nani anaanza sentensi, kitenzi kimeshajichagua.

Sasa kwa nini watu wenye akili zao timamu wanakosea hapa? Kwa sababu lugha zetu zimepanga mambo kwa namna nyingine. Kwa Kiswahili, "azima" inakwenda pande zote. "Nimeazima baiskeli", nimepokea. "Niazime baiskeli", naomba nipewe. Mwelekeo hatuuoni kwenye kitenzi, tunauona kwenye kile ki-"ni" kinachosimama mahali pa mtendwa. Kwa pesa tuna kukopa na kukopesha: mzizi mmoja, unaongeza kiambishi, mambo yanageuka. Luganda nayo inacheza na mzizi mmoja, ila kwa kuanzia mbele: okuwola ni kukopesha, okwewola ni kukopa, kama vile kusema "kujikopeshea". Wenye laini ya Airtel wanaijua ile huduma ya mkopo iitwayo Wewole. Ndiyo hiyo hiyo, inakwambia ujikopee. (Na kwa Luganda "nikopeshe" ni "mpola", inayoandikwa sawasawa na "polepole". Wanaodai madeni Kampala hawahitaji kuelezwa zaidi.)

Kwa hiyo mtu mwenye Kiswahili au Luganda kichwani anatafuta kiambishi cha kubandika kwenye "borrow" ili aligeuze. Hakipati, kwa kuwa Kiingereza hakina. Analiacha neno lilelile lifanye kazi zote mbili.

Ndugu zetu waliosoma kwa Kifaransa wana mtego wao tofauti. Wao vitenzi wanavitenganisha vizuri tu: "prêter" kutoa, "emprunter" kupokea. Kinachowaponza ni "à". Kifaransa husema "prêter à quelqu'un" na pia "emprunter à quelqu'un", "à" ileile pande zote. Na Kiswahili chetu kinawaongezea mzigo, kwa sababu "kwa" nayo ni hivyo hivyo: nimepeleka pesa kwa kaka, nimekopa pesa kwa kaka. Matokeo yake utasikia "I borrowed money to my brother" kutoka kwa mtu ambaye ndiye mwenye deni kabisa. Kesho yake utaisikia sentensi hiyohiyo, neno kwa neno, kutoka kwa yule aliyetoa pesa, kama mama wa vitenge. Msikilizaji afanyeje? Kitenzi kinasema amepokea, "to" inasema ametoa. Ndiyo maana mwenyekiti alisoma mara mbili.

Maumbo yake ni mepesi. "Borrow, borrowed, borrowed", mwishoni ni "d" tu, usiseme "borroweted". "Lend, lent, lent". "Lended" haipo. Liweke kundi moja na "send, sent" na "spend, spent". Ukiliona "Lent" kwa herufi kubwa katikati ya sentensi, hiyo ni Kwaresima, haina uhusiano na deni. Kwenye matamshi, "lend" ina e ya "pesa". Ukiifungua ikawa a, umesema ardhi. Na kwa wanaozungumza Luganda, najua r hukaa vizuri baada ya e na i tu, kwingine inageuka l, ndiyo maana "borrow" huwatoka kama "bolo". Halimuui mtu, lakini jizoezeni.

Karibuni kwa maswali.

Dereva wa Malaba

Mwalimu heshima yako. Mimi kwenye filamu za Nigeria nasikia "borrow me money" kila siku, na wale wanaongea Kiingereza kuliko sisi. Huku mpakani tukisubiri karatasi za mzigo, madereva wa nchi zote tunaazimana jeki na spana, "borrow me spanner", hakuna aliyewahi kuuliza maana yake. Lugha si kuelewana tu?

Mwalimu wa Jioni

Kaka, hapo sikupingi sana. Nigeria wanasema, Uganda tunasema, na hata Marekani kwenyewe, maeneo ya Minnesota na Wisconsin, wapo wanaosema "borrow me". Huko walihamia Wajerumani na Wanorwei wengi, na lugha zao zina kitenzi kimoja cha pande zote, kama "azima" yetu. Kwa hiyo wanaodhani ni ujinga wa Mwafrika wakae chini.

Tena Kiingereza nacho kina "azima" yake: "rent". Mpangaji anasema "I rent this house", na mwenye nyumba anaweza kusema "I rent this house to students". Neno moja, pande mbili, na Waingereza wanaishi nalo bila kulalamika.

Ila kwa spana mnaonana uso kwa uso, na mkono uliokwishanyooshwa unasema yote. Kwenye mtihani, kwenye barua ya kazi, kwenye endagaano, yaani mkataba, mnayosaini mbele ya mashahidi, mkono hauonekani. Msimamo wangu ni huu: Malaba sema unavyotaka, kwenye karatasi andika "lend".

Mjukuu wa Bwera

Nauliza kitu kidogo. Mbona tunahangaika na Kiingereza wakati tuliambiwa Kiswahili ni lugha rasmi?

Mwalimu wa Jioni

Ni rasmi kweli. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha kitumike hivyo na kifundishwe shuleni. Lakini nenda leo kaombe fomu ya mkopo ya Kiswahili Kampala, halafu urudi utuambie. Tuendelee.

Mama wa Bunia

Shikamoo mwalimu. Mimi kwenye simu sioni borrow wala lend, naona "loan". Loan limit, loan due, repay your loan. Naweza kusema "loan me"? Na nilitaka kujua, kukopa sukari dukani ni borrow pia?

Mwalimu wa Jioni

Marahaba mama. Maswali yako mawili yana uzito kuliko uzi mzima.

"Loan" kwanza ni jina la kitu, mkopo wenyewe. Anayepokea "gets a loan" au "takes a loan", anayetoa "gives a loan". "I got a loan from the SACCO" ni sentensi safi kabisa. Kama kitenzi, Wamarekani wanaitumia sana, "he loaned me his car", Waingereza wengi wanapendelea "lent". Vyovyote iwavyo, "loan" ikiwa kitenzi iko upande wa kutoa tu. "Loan me 20,000" inakubalika kwenye mazungumzo. "I loaned 20,000 from my sister" haikubaliki, hapo lazima "borrowed".

Kwenye fomu utakutana na watoto wa maneno haya: "borrower" na "lender". Tafadhalini, hapa msome polepole. "Borrower" ni mkopaji, wewe unayechukua. "Lender" ni mkopeshaji. Hapa Uganda watu wanaokopesha pesa kama biashara, "money lenders", wanasimamiwa na sheria ya mwaka 2016 na wanatakiwa kuwa na leseni ya UMRA, ile mamlaka ya kusimamia taasisi ndogo za fedha. Kwenye mkataba jina la kampuni litakaa kwenye "lender", lako kwenye "borrower", na atakayekudhamini ni "guarantor". "Security" hapo si mlinzi wa getini, ni dhamana: kadi ya pikipiki, hati ya kiwanja. Jambo la kuvutia ni kwamba "borrow" yenyewe, ukiifuatilia hadi Kiingereza cha kale, inatokana na neno lililomaanisha dhamana. Yaani tangu mwanzo neno hili lilikuwa linauliza: unaacha nini?

Sukari sasa. Hapa Kiswahili kinaona zaidi kuliko Kiingereza. Sisi tunatofautisha kuazima na kukopa. Ukiazima jembe, jembe lilelile linarudi. Ukikopa pesa, noti zilezile hazirudi, inarudi thamani yake. Kiingereza hakijali, vyote ni "borrow": borrow a hoe, borrow money. Hata chumvi ya jirani ni "borrow some salt", ingawa kila mtu anajua imeshaingia kwenye sufuria.

Lakini dukani hukukopa kwa maana hiyo. Dukani umenunua, ila hujalipa. Hiyo ni "on credit": "I took two kilos of sugar on credit." Ukimwambia mwenye duka "I want to borrow sugar", anaweza kukuelewa, ila ulichosema ni kwamba utamrudishia sukari. Kwa Kiswahili duka na jirani wote tunasema kukopa, kwa Kiingereza wanaachana njia panda.

Na ukilipia matumizi, umekodi. Viti vya harusi, spika, gari la kwenda kuchukua bibi harusi: "hire". "Borrow" ni bure, isipokuwa pesa, ambayo hata ikiwa na riba ya kutoa machozi bado inaitwa "borrow".

Mama wa Bunia

Aksanti sana. Sasa simu ya mtu, nikitaka kupiga mara moja tu?

Mwalimu wa Jioni

"Can I use your phone?" ndiyo salama zaidi. "Can I borrow your phone?" nayo husemwa, lakini hapa mjini ukimwambia mtu usiyemjua kituoni kwamba unataka ku-borrow simu yake, ataishika kwa mikono miwili. Na kitu kisichohama tumia "use" tu. Choo, kwa mfano. Choo hakiazimwi.

Halafu kuna Kiingereza chetu cha "You first lend me". Hiyo "first" tumeitoa kwenye "sooka" ya Luganda, sawa na "hebu kwanza" yetu, na inalainisha ombi. Hapa ni adabu. Ukienda kuisema London, mtu anaweza kusubiri umwambie la pili.

Mjukuu wa Bwera

Mwalimu, mdogo wangu yuko P4, darasa la nne, ndiyo wameanza kufundishwa kila kitu kwa Kiingereza. Amerudi na hesabu, 52 toa 17, kaandikiwa "borrow one from five". Akaniuliza hiyo moja inarudishwa lini. Nikakosa jibu.

Mwalimu wa Jioni

Hahaha, mpe pole. Hairudishwi! 2 haiwezi kutoa 7, kwa hiyo inachukua kumi moja kutoka kwenye zile tano. Zinabaki kumi nne, mbili inakuwa kumi na mbili. Kumi na mbili toa saba ni tano, nne toa moja ni tatu, jibu 35. Neno ni "borrow", tabia ni ya kuchukua moja kwa moja.

Mdogo wako ameona kitu ambacho watu wazima hawakioni. Kiingereza kina "borrow" kadhaa zisizorudi. Wataalamu wa lugha husema lugha moja ime-"borrow" neno la nyingine. Kiingereza kilichukua "safari" kwetu, nasi tulikwishalichukua kwa Waarabu, na hakuna anayedai. Mtu aki-"borrow an idea" vilevile, wazo halitarudishwa.

Kwa upande wa "lend" kuna misemo miwili mitatu mnayopaswa kuijua. "Lend a hand" ni kusaidia kazi: "Please lend me a hand with these sacks." Ukilisikia huko Kikuubo, kwenye maduka ya jumla ya Kampala, shika gunia. "Lend an ear" ni kumsikiliza mtu kwa huruma. Upande wa pili kuna "on borrowed time": mtu anayeishi "on borrowed time" ni yule ambaye ilitegemewa angekuwa ameshakufa. Nawaomba msiutumie kwa mgonjwa mliyekwenda kumwona, hata kama mmeukuta kwenye kitabu umeandikwa vizuri.

Nawaachia zoezi. Sahihisheni hizi, zote nimezisikia au kuzisoma mjini:

1. "The bank borrowed him two million."
2. "I lent a bicycle from my neighbour."
3. "Can you borrow me your Bible?"
4. "She lended me her gomesi for the kwanjula." (Gomesi ni gauni la heshima la wanawake, kwanjula ni sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa.)
5. "I borrowed bread in the shop, I will pay on Friday."

Dereva wa Malaba

Nimesimama hapa foleni haisogei, ngoja nijaribu.
1. The bank lent him two million.
2. I borrowed a bicycle from my neighbour.
3. Can you lend me your Bible?
4. She borrowed me her gomesi for the kwanjula.
5. I took bread on credit, I will pay on Friday.

Mwalimu wa Jioni

Nne kati ya tano, kaka, na umeandikia kwenye usukani. Namba nne: aliyetoa gomesi ni yeye, na "me" imesimama hapo kungoja kupewa. Kilichokuwa kibaya ni umbo tu, "lended". "She lent me her gomesi." Kama ungetaka kuanza na wewe mwenyewe, ungesema "I borrowed her gomesi", ingawa dereva wa lori kuvaa gomesi kwenye kwanjula hilo tutalijadili kwenye uzi mwingine.